Chuma Kwenye Paja la Mzee Kazaura

Msicheke mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu, mtoto wa nne ananyonya hapa ninapoandika, na meno yangu yote ninayo. Lakini mtu akipewa barua ya kupunguzwa kazi, akaambiwa aende akapumzike, huyo kastaafu, apende asipende. Walisema maabara sasa inataka wenye vyeti. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na miaka kumi ya kuchemsha mikojo ya watu. Hiyo miaka haina muhuri, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaokalia stuli yangu. Nasikia siku hizi mna vijiti: unachovya kwenye mkojo, unasubiri kidogo, unalinganisha rangi na ile iliyochorwa kwenye kopo, umemaliza, unaenda kunywa chai. Vizuri. Sisi tulikuwa na dawa ya bluu kwenye chupa kubwa, taa ya spiriti, na pua zetu. Unamimina dawa kwenye tyubu ya kioo, unadondoshea matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki bluu, sukari hakuna. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Rangi ya chungwa, mwite muuguzi. Ikiwa nyekundu ya tofali usimwite mtu, kimbia mwenyewe.

Na mdomo wa tyubu uelekee ukutani. Siku yangu ya tatu kazini niliuelekeza kwa Mzee Shomari, mkubwa wa maabara, mkojo ukaruka ukamkuta kifuani kwenye shati jeupe. Alikuwa mtu wa Kayanga, wa ukoo wa wenye maduka, babu zake walitoka pwani, na shati lake lilipigwa pasi kila siku hata kama siku yenyewe ni ya kupima kinyesi. Alijitazama, akaniambia taratibu, "Mwanangu, wageni hunyunyiziwa marashi." Akaenda kubadilisha. Hakunisema tena. Yale madoa ukutani juu ya meza, msidhani ni unyevu.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Nilifika kwake nikiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni na hamu ya kujua kila kitu. Nilikuwa napima chochote kinachomiminika: maji ya kisima, chai ya wauguzi, mramba, yaani ile juisi tamu ya ndizi kabla haijachacha ikawa rubisi. Siku moja nikapima mkojo wangu mwenyewe. Ukawa kijani inayoelekea njano. Nililia. Nilianza kupanga nani atamlea mwanangu, nikawapitia ndugu zangu wote mmoja mmoja, nikaona hakuna anayefaa. Mzee Shomari akaniuliza kama nanyonyesha. Nikamwambia si unamwona huyu mgongoni. Akasema basi hiyo ni sukari ya maziwa, inavuja kidogo ikaingia kwenye mkojo, na dawa ya bluu haijui kutofautisha sukari na sukari. Vijiti vyenu vinajua, nimeambiwa. Havidanganywi na maziwa. Lakini kuna jambo moja havijui, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Mzee Kazaura alikuwa mkamuaji wa ndizi kutoka Bweranyange. Kwa wale ambao hawakukulia huku: ndizi mbivu humenywa zikamwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zikachanganywa na nyasi, halafu mwanaume anaingia na miguu iliyooshwa vizuri, anakanyaga mpaka juisi itoke. Yeye alikuwa akiitwa kijiji hadi kijiji, mpaka upande wa Kyerwa, kwenye harusi na kwenye mahari. Walisema miguu yake haiachi tone ndani ya ndizi. Migomba yake mwenyewe ilikuwa michache. Aliishi kwa miguu ile. Na mkamuaji lazima aonje. Anaonja asubuhi, anaonja mchana, anaonja wakati wa kuondoka ili asimvunjie heshima mwenye nyumba.

Alianguka na baiskeli kwenye mteremko wa Ndama akiwa amefunga mikungu mitatu nyuma. Paja la kulia likavunjika katikati. Hospitali yetu, ambayo siitaji jina, haikuwa na daktari wa mifupa. Alikuwapo mmoja aliyekuja kwa ndege ndogo kila baada ya wiki kadhaa, Mkenya mrefu, na Kiswahili chake cha Nairobi kilitupa kicheko cha mwezi mzima. Alimfungua mzee paja, akaunganisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu nane, akamshona, akaruka zake. Kabla ya kupasuliwa, mkojo ulipimwa. Niliupima mimi. Bluu. Nikaandika kwenye rejista "sukari hakuna", Mzee Shomari akatia sahihi.

Wiki ya pili kidonda kikafunguka. Wakakisafisha, wakampiga sindano, kikafunguka tena. Wodi ikaanza maneno. Mmoja akasema mwili umekataa chuma. Mwingine akasema chuma cha wageni hakiwezi kukaa kwenye damu ya Mnyambo, na fundi baiskeli aliyelala kitanda cha pili akamuuliza mbona panga likiteleza linaingia tu kwenye mguu wa Mnyambo bila kuuliza kabila. Wa tatu akasema kuna mtu alipunjwa rubisi kwenye harusi, ndiye aliyemfunga mzee. Hapo nikachukia. Maneno ya kurogwa yananipandisha hasira kwa sababu yanaua maswali. Ukishasema karogwa, unakunja mikono. Mimi nilikuwa na swali langu: kuna kijana aliwekewa chuma kama kile, mwezi uleule, kwa mkono wa daktari yuleyule, na alikuwa ameshaanza kutembea. Kwa nini huyu?

Nikatumwa wodini kuchukua usaha wa kutazama kwenye hadubini. Muuguzi alipofungua bandeji nikakiona chuma chenyewe, kinang'aa katikati ya nyama kama kijiko kilichodondoka kwenye mchuzi. Nyama ilikuwa imepauka, imekaa mbali nacho, kama majirani wasiosalimiana. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akasema nisione haya, kila mtu anakuja kukiona. Akaomba maji. Akanywa kikombe, akaomba kingine, akaomba cha tatu. Chini ya kitanda palikuwa na kibuyu cha mramba walichomletea nduguze kumrudishia damu. Nikamuuliza anakojoa mara ngapi kwa siku.

"Binti, mimi siku hizi ni ng'ombe wa maziwa," akasema. "Tofauti ni kwamba hawaninywi."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nikarudi maabara nikafungua rejista. Mtu ana kiu vile, amekonda vile, anakojoa vile, na mwandiko wangu kila wiki unasema hakuna, hakuna, hakuna, hakuna.

Daktari alikuwa anatarajiwa Alhamisi. Muuguzi aliniambia kwamba safari hii anakuja kukata. Homa ilikuwa inapanda, na mguu unaooza juu ya chuma hukatwa kabla haujamchukua mwenyewe. Mzee alikuwa ameshaambiwa. Alijibu kwamba mkamuaji wa mguu mmoja atazunguka mtumbwini kama kuku aliyechinjwa, halafu akageukia ukutani.

Jumatano asubuhi nikaamua kuifuata chupa. Utaratibu wetu ulikuwa huu: muuguzi anampa chupa tupu muuguzaji, yule ndugu anayekaa na mgonjwa, na muuguzaji anairudisha na mkojo. Muuguzaji wa Mzee Kazaura alikuwa mke wa mwanawe, Adelina, msichana wa miaka kumi na tisa. Mke wa mzee alishafariki na mwana alikuwa kibaruani Mwanza. Nikasimama karibu na tangi la maji kama nasubiri ndoo. Adelina akapokea chupa. Hakuingia wodini hata hatua moja. Akaenda moja kwa moja kwenye choo cha wanawake, akatoka anaifuta chupa kwa pindo la kitenge.

Nikamshika mkono. "Huu mkojo wa nani?"

"Wangu."

Alisema hivyohivyo, bila kugugumia, kama nimemuuliza jina la kijiji chao. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu walipofika. Akasema yeye ni mzima, hana ugonjwa wowote, kwa hiyo aliona ni bora tupate mkojo mzuri ili mzee aruhusiwe mapema.

Nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki kwa sababu binti yangu anajua kusoma. Nikamwambia mguu wa mzee unakatwa kesho kwa sababu yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, wewe una baba mkwe?"

"Ninaye."

"Ungeingia ukamfunulia shuka, ukamshikia chupa?"

Nisikilizeni hapa. Kwetu mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe. Halitaji jina lake. Adelina alikuwa amemuuguza mzee mwezi na zaidi bila kumtazama usoni hata mara moja: uji aliuweka kwenye stuli akageuka, shuka alimwachia mhudumu wa kiume akasubiri nje azifue. Na sisi tukamkabidhi chupa. Tena kwa ukali, "Lete mkojo, haraka." Hakuna aliyesema wa nani, maana tuliona ni jambo lililo wazi. Na sisi ni watu wa hukuhuku. Mila hiyo tumeinyonya, halafu tukivaa koti jeupe tunaivua mlangoni na kuwadai wengine waivue pia. Mimi mwenyewe nisingemshikia baba mkwe wangu chupa, hata kwa fimbo. Hasira yangu ikakosa mtu wa kumkalia, ikanirudia.

Nikamwomba mhudumu wa kiume aniletee mkojo wa mzee mwenyewe, mbele ya macho yangu. Nikauchemsha. Haukupitia kijani wala njano kwa heshima. Ulikwenda moja kwa moja kwenye tofali.

Mzee Shomari aliitazama tyubu, akaitazama rejista, akavuta kiti. Akasema ukurasa kama ule unaweza kumwagikiwa dawa, ajali za maabara zipo. Tutaandika mpya, tuonyeshe kwamba sukari imeonekana leo. Mgonjwa atatibiwa vilevile na hakuna atakayeaibika. Nikamwambia hapana. Daktari akidhani sukari imeanza jana, atasema kilichoozesha paja ni kitu kingine, na atakata. Lazima ajue ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na kwamba mguu huu haujawahi kutibiwa sukari hata siku moja.

"Mwanangu, ukurasa huo una jina langu."

"Na ule mguu una jina la nani?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Kisha akachukua kalamu, na pembeni ya kila "hakuna" yangu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuo: si mkojo wa mgonjwa. Akatia sahihi zote upya. Wakubwa wa namna hiyo ni wachache, mkimpata mmoja msimmwagie mkojo.

Alhamisi nikamsubiri daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtoto mgongoni, rejista mkono mmoja, tyubu mkono mwingine. Akasoma amesimama. Akaketi kwenye ngazi akasoma tena. Nikaona hapa ndipo pa kuuliza, nikamuuliza kama ni kweli mwili unakataa chuma.

Akasema mwili haujui hata chuma ni nini. Unachojua ni kwamba kuna mgeni ndani. Akaniuliza kama nimewahi kuona mti wa uzio uliofungwa waya zamani, jinsi ganda linavyokuja polepole likaumeza waya. Nikasema ninao nyumbani. Akasema ndivyo. Kwanza askari wa damu wanakuja kumkagua mgeni, halafu mwili unamfumia ngozi nyembamba, unamwacha humo, unaendelea na kazi yake ya kuunga mfupa. Lakini wadudu wa usaha nao wanakipenda chuma. Wakitangulia kukifikia, wanajipaka ute, wanajenga humo, na dawa inapita juu yao kama mvua juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo ni mbio: nani anakifikia chuma kwanza. Kwa mtu mwenye sukari nyingi, askari wa damu wanachelewa, na wakifika hawana nguvu. Mishipa midogo imebanwa, chakula hakifiki vizuri, mfupa unaunga kwa kusuasua. Na wadudu wanafurahia sukari.

"Si chuma kimekosea," akasema. "Ni damu iliyo karibu nacho."

Nikamuuliza kwa nini basi asikitoe tu. Akasema mfupa haujashika. Ukitoa chuma sasa, paja linachezacheza, na paja linalochezacheza linaoza zaidi. Akaingia kumsafisha mzee, akakata nyama iliyokufa, chuma akakiacha. Alipotoka akatuambia mimi na Mzee Shomari: tumpe bluu mpaka atakaporudi. Akiikuta bluu, msumeno anarudi nao alikoutoa. Akikuta tofali, mguu hautamsubiri tena.

Basi tukaanza. Dawa ya sindano ya sukari tuliiweka kwenye friji ya mafuta ya taa pamoja na chanjo za watoto, na niliikagua ile taa yake ya chini kuliko nilivyomkagua mwanangu. Mkojo mara nne kwa siku, akiuchukua mhudumu wa kiume. Kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Tatizo likawa mramba. Mzee hakukubali kuuacha. Alisema ndio uliomkuza, ndio uliomlea, muuguzi gani mwenye akili anamnyang'anya mtu nguvu zake.

Sikubishana. Nikabeba taa ya spiriti mpaka kitandani kwake. Nikachemsha mramba wa kibuyuni kwenye tyubu moja, mkojo wake kwenye nyingine, nikamshikisha zote mbili. Tofali na tofali. Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza, akaninyooshea.

"Ipi ni ipi?"

"Mimi mwenyewe ukizichanganya sijui."

"Na watu wanavyonisumbua kukamua," akasema, akamsukumia fundi baiskeli kibuyu.

Siku ya kumi na moja, kabla ya chai, tyubu ikabaki bluu. Niliipeleka wodini. Ilipita kitanda hadi kitanda, watu wakiitazama kama picha ya harusi, na kufika saa nne kila mgonjwa alikuwa anataka wake uchemshwe. Kuna siku ilirudi chungwa, tukaongeza dawa, ikatulia. Daktari alipokuja na kufungua bandeji, nyama ilikuwa nyekundu na ikatoa damu alipoigusa. Nilishtuka. Akasema hiyo damu ndiyo aliyoifuata. Begi lake la msumeno halikufunguliwa.

Chuma kilitolewa miezi mingi baadaye, picha ilipoonyesha mfupa umeunga. Daktari aliniita nikione. Upande mmoja kilikuwa kimevikwa ngozi nyeupe, nyembamba, safi, imeingia mpaka kwenye mashimo ya skrubu. Upande wa kidonda kilikuwa uchi, na ute umekauka juu yake. Kipande kimoja cha chuma, mtu mmoja, damu mbili: ile ya kabla ya bluu na ile ya baada. Sikuwahi kuona kitabu kilichoandikwa wazi kuliko kile.

Kwa hiyo, mabinti, kijiti kitawaambia sukari iko kiasi gani. Hakitawaambia mkojo ni wa nani. Hilo ni la kwenu. Mkitoa chupa, ulizeni anayeipokea ni nani kwa mgonjwa, na kama ni mkamwana au mkwe, tafuteni mtu mwingine bila kumwaibisha. Msimkaripie. Ukali wetu ndio uliozaa zile bluu zote.

Siku ya kuondoka, chuma kikiwa kimeshatolewa, nduguze Mzee Kazaura walikuja kumchukua. Habari ya chupa ilikuwa imewafikia, na walikuwa wameshakata shauri kwamba Adelina arudishwe kwao; walilisema uani, wala hawakupunguza sauti. Yeye alikuwa mlangoni na sufuria na magodoro, ameupa uso ukuta. Mzee akatoka wodini na fimbo. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kidogo, unachechemea, lakini ulikuwa unakanyaga. Akasimama hatua tatu kutoka kwa Adelina, akanitazama mimi.

"Binti wa maabara, mwambie mke wa mwanangu atangulie na mizigo, akanifagilie nyumba yangu. Mimi nakuja nyuma kwa miguu." Akawageukia nduguze. "Kwa miguu miwili."

Nikamgeukia Adelina nikamwambia, neno kwa neno, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwambie nimesikia," akasema Adelina ukutani, akajitwisha godoro.